Droo Ndiyo Inayorudisha Kabati: Jua Kuitoa na Kuirudisha Kabla Hujapakia Mzigo

Leo naongea na sisi tunaouza fanicha kwa simu: makabati, dresingi tebo, meza za ofisi, vitanda vyenye droo chini, vipya na vya mtumba. Mada ni droo.

Inaonekana mada ndogo, najua. Sasa fikiria mteja akishushiwa kabati lake anafanya nini cha kwanza. Hagongi mbao asikilize kama ni mninga au chipubodi. Hapimi urefu. Anavuta droo. Ikija laini, anacheka, anatafuta simu akumalizie hela yako. Ikigoma, maneno yanaanza hapohapo mlangoni, majirani wanasikiliza, na nusu ya hela bado iko kwake.

Mimi nipo Nanyamba, Mtwara. Duka langu ni stetasi ya WhatsApp na ukurasa wa Facebook, basi. Mzigo nachukua kwa mafundi wa Mtwara mjini, mara mojamoja kutoka Keko kule Dar. Wateja wako hapa Nanyamba, Njengwa, Mtiniko, wengine Kitaya kule chini upande wa Mto Ruvuma, na wachache Tandahimba. Msimu wetu mnaujua. Minada ya korosho ikianza mwezi wa 10 na hela zikianza kuingia kwenye akaunti za wakulima, watu wanaezeka nyumba, wanaoa, wananunua vitu vya ndani. Miezi mitatu minne hiyo ndiyo inabeba mwaka mzima. Tatizo ni kwamba na mvua zinaingia mwezi wa 11 au wa 12. Tunasafirisha makabati wakati mbao zinavuta unyevu na njia za vijijini zina makorongo. Lami ya Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, ni raha tupu. Ila mteja wangu hakai juu ya lami, anakaa ndani kwenye mikorosho, na huko kirikuu inaruka kama mbuzi.

Sasa droo ya reli ni nini? Ni boksi zito lililoning'inizwa kwa skrubu fupi chache kila upande. Kabati likisafiri limesimama na droo ndani, kila shimo la barabara ni nyundo kwenye zile skrubu. Likilazwa chali, uzito wote unakaa kwenye mwisho wa reli na ule ubao mwembamba wa nyuma. Likilazwa kifudifudi, droo zinafunguka zenyewe na kukwaruza kila kitu. Kufunga selotepu ndiyo dawa ya wengi, na selotepu ikikaa juani saa mbili inabandua na vanishi yake. Kamba inaacha alama kwenye kona.

Kwa hiyo droo zitoke, zote, kabla ya kupakia. Kabati linakuwa jepesi, vijana wawili wanalibeba bila kulivuta chini, na droo zinasafiri peke yake zikiwa zimezungushiwa shuka kuukuu au maboksi. Wengi hawazitoi kwa sababu wanaogopa kuvunja. Uoga huo unatokana na kutojua reli iliyopo mbele yako ni ya aina gani. Aina zenyewe ni chache, ukizishika kwa mkono mara mbili hutasahau.

Ya kwanza haina hata chuma: mbao juu ya mbao. Meza za zamani na makabati mengi ya mninga yametengenezwa hivi. Unavuta mpaka igote, unanyanyua mbele kidogo, inatoka. Ikigota kabisa, pitisha mkono kwa juu, ndani, utakuta fundi ameweka kipande cha mbao kinachozunguka kwa msumari mmoja. Kizungushe kilale. Kurudisha ni hivyohivyo kinyume. Ikiwa nzito, paka mshumaa mkavu kwenye mbao mbili zinazosuguana. Usipake mafuta ya kula. Yananasa vumbi na baada ya mwezi umepata ugali.

Ya pili ni reli ya bati, mara nyingi nyeupe, yenye vigurudumu vidogo vya plastiki. Hii ndiyo imejaa kwenye dresingi tebo za bei ya kati. Kila upande ina vigurudumu viwili: kimoja kiko kwenye kabati, mbele, kingine kiko kwenye droo, nyuma. Unavuta mpaka igote, halafu unainua uso wa droo juu na kuivuta kwako. Inatoka bila kubonyeza chochote. Kurudisha, inamisha: uso uwe juu, mkia uwe chini, vigurudumu vya droo vipite nyuma ya vile vya kabati, halafu shusha uso na sukuma. Watu wanakosea kwa kusukuma droo ikiwa imenyooka. Vigurudumu vinagongana, mtu anaongeza nguvu, plastiki inapasuka. Ikikugomea, itoe kabisa, inama uangalie kwa tochi ya simu, anza upya.

Ya tatu ndiyo inayosumbua watu, na ndiyo wateja wanayoipenda siku hizi: reli ya gololi. Ile inayokuja vipande vitatu, inafunguka mpaka nje kabisa, inateleza kama imepakwa sabuni. Nikae hapa kidogo.

Kwanza toa vitu vyote ndani ya droo. Ivute mpaka mwisho. Angalia ubavuni, katikati ya mfereji wa reli, utaona kiulimi cha plastiki nyeusi, kirefu kama kidole. Kiko kushoto na kulia. Kimoja unakisukuma juu, kingine unakibonyeza chini, kwa wakati mmoja, huku unavuta. Mbona havifanani? Kwa sababu reli ya kushoto na ya kulia ni kitu kilekile. Kiwandani wanatengeneza moja, wewe unaigeuza upande wa pili, basi ulimi nao unageuka. Mtu asiyejua anabonyeza vyote chini, upande mmoja unaachia, mwingine unabaki umeshika, droo inakaa mshazari. Hapo ndipo reli zinapindika. Ukiona upande mmoja umeachia, rudisha ndani, anza tena. Kama uko peke yako, weka stuli chini ya droo ipokee uzito, maana ikiachia inaachia ghafla.

Droo ikitoka, kipande kimoja cha reli kinabaki kwenye droo, na vile viwili vingine vinabaki kwenye kabati. Vile vya kwenye kabati visukume ndani mpaka mwisho na uvizuie kwa kitambaa au kipande cha boksi. Vikiachwa vinafunguka njiani, na ncha ya bati ikitokeza inchi kumi nje ni kisu. Vijana wa kupakia wanachanika mikono kwa hili.

Kurudisha sasa. Ndani ya reli ya kati kuna kibati chembamba kilichoshika gololi kwenye vitundu. Hicho kibati kinatembea. Kivute kwa kidole mpaka mbele kabisa, pande zote mbili. Hii hatua ndiyo siri yote, na ndiyo watu wanayoiruka. Kibati kikiwa nyuma, reli ya droo inaingia ikiwa haina gololi za kuipokea mbele, inaenda kukigonga katikati, inakikunja, na gololi zinamwagika sakafuni tiki-tiki-tiki. Kikiwa mbele, reli ya droo inakaa katikati ya gololi za juu na za chini tangu mwanzo.

Shika droo kwa mikono miwili, ilale sawasawa, ingiza ncha za kushoto na kulia kwa pamoja. Sukuma polepole. Utasikia nzito kidogo, hiyo ni kawaida, kibati kinarudi nyuma na viulimi vinapita. Endelea kwa nguvu ya kadiri mpaka ifunge na usikie inaitika. Kisha ifungue mpaka mwisho, ifunge tena, mara mbili. Mara ya pili inakuwa laini kuliko ya kwanza.

Lakini ukisikia sauti ya kusaga, kama mchanga kwenye meno, au ikagota katikati, ACHA. Usiongeze hata kilo moja ya nguvu. Toa, angalia. Uwezekano mkubwa upande mmoja umepita nje ya gololi. Ukiwahi hapo hujapoteza kitu. Ukipiga ngumi umeshanunua reli mpya.

Ipo na ya nne, reli iliyojificha chini ya droo, ya makabati ya jikoni ya bei. Ukichungulia chini, kwenye kona mbili za mbele, kuna vifundo viwili vya plastiki. Unavibana vyote, unainua droo, inatoka. Kurudisha, unailaza juu ya reli na kusukuma mpaka vilie. Huku kwetu naziona mara chache, niishie hapo.

Nije kwenye kisa cha msimu uliopita, kinaonyesha kwa nini nasisitiza penseli.

Nilikuwa na oda mbili za dresingi tebo kutoka kwa fundi mmoja wa Mtwara mjini, muundo mmoja, rangi moja, droo nne kila moja. Moja ya dada mmoja muuguzi wa Njengwa, nyingine ya Mtiniko. Bei laki tatu na themanini, kila mmoja ametanguliza laki mbili. Nilienda karakana kukagua, nikatoa droo zote mwenyewe, na nyuma ya kila boksi nikaandika kwa penseli: NJ 1 hadi NJ 4, MT 1 hadi MT 4, namba moja ikiwa ya juu kabisa. Nikarudi Nanyamba kwa basi. Kesho yake vijana wa pale karakana wakapakia.

Mchana simu inaita. Yule dada. Sauti imeshapanda.

"Kaka, droo ya tatu haiingii. Kijana wako anaipiga ngumi hapa."

Nikamwambia, dada yangu, mwambie aache kwanza, aiweke chini. Nikasikia anamwambia, na kijana anajibu, "Njomba amesema niache?" Akaacha.

"Mimi sitaki ugomvi," dada akasema. "Mchukue kitu chenu, nirudishieni laki mbili yangu. Nimedunduliza hela ya korosho za mama, siyo ya mchezo."

Hapo pima mwenyewe. Laki na themanini iko kwake, haijalipwa. Laki mbili anaitaka. Kirikuu imeshalipwa ya kwenda, irudi na mzigo ni hela nyingine. Na Njengwa wauguzi wanajuana, walimu wanajuana, kesho nikiposti kitu nani atanunua?

Nikamwomba kitu kimoja tu: geuza hiyo droo, nyuma kuna maandishi ya penseli, nisomee. Kimya kidogo. "Imeandikwa MT 3." Nikamwomba asome na zingine. Mbili zilikuwa zake, mbili zilikuwa za Mtiniko. Walichanganya wakati wa kupakia.

Utauliza, si muundo mmoja? Ndiyo, lakini fundi wetu hatumii mashine ya kiwanda. Kila boksi la droo linatengenezwa kulingana na nafasi yake. Na reli ya gololi ya kawaida haina huruma: inahitaji nusu inchi kila upande, yaani kama milimita 13 kati ya ubavu wa droo na ubavu wa kabati. Boksi likizidi milimita mbili tatu, haliingii au linaingia kwa kukwama. Likipungua, reli zinalegea na gololi zinachomoka. Droo mbili unazoziona pacha kwa macho si pacha kwa reli.

Nikapanda bodaboda kwenda Mtiniko, yule mteja alikuwa hajafungua hata karatasi, nikachukua droo mbili za Njengwa, nikaenda nazo. Tatu ziliingia bila neno. Ya nne, ile iliyopigwa ngumi, kibati kilikuwa kimekunjika na gololi mbili zimepotea. Huwa natembea na pea mbili za reli mpya kwenye begi, nikabadilisha pale pale kwa bisibisi. Dada akavuta zote nne, moja baada ya nyingine, bila kusema kitu. Halafu akauliza kama nina na meza ya kulia chakula. Akalipa.

Kwa hiyo penseli. Ni kalamu ya bei rahisi kuliko zote. Usiandike kwa kalamu ya wino mzito, inapenya kwenye mbao nyeupe. Andika nyuma ya boksi, pasipoonekana, herufi za mahali mzigo unakoenda na namba kutoka juu.

Hiyo nusu inchi ndiyo kipimo cha kukagulia hata kabla ya kumlipa fundi. Pima upana wa nafasi ndani ya kabati, mbele na nyuma, kwa futi. Pima upana wa boksi la droo. Tofauti iwe inchi moja, au milimita moja juu yake. Halafu pima boksi kwa mshazari, kona hadi kona, mara mbili. Vipimo vikilingana, boksi limekaa mraba. Visipolingana limepinda, na hakuna reli itakayolinyoosha, mwambie fundi alibomoe upya. Kama nafasi imezidi kidogo, milimita mbili hivi, weka kipande cha boksi gumu au plaiwudi nyembamba nyuma ya reli, funga skrubu juu yake. Kazi ya dakika kumi. Mafundi wanaifanya kila siku, ila hawakwambii.

Ukinunua reli dukani, pima ile ya zamani ikiwa imefungwa, urefu wa bati lenyewe. Zinauzwa kwa inchi mbili mbili, 10, 12, 14 hadi 22. Nunua pea, usibadilishe upande mmoja tu. Moja mpya na moja iliyochoka zinavutana.

Chipubodi nayo ina tabia yake. Skrubu ikilegea mara moja kwenye chipubodi, tundu limeisha, ukikaza inazunguka bure. Usiweke skrubu ndefu zaidi, itatokea upande wa pili mbele ya mteja. Chukua njiti za kiberiti, kata vichwa, zichovye kwenye gundi ya mbao, zijaze tunduni, subiri ikauke, ikiwezekana usiku mzima, kisha rudisha skrubu ileile. Inashika. Ila mwambie mteja ukweli, droo hiyo ni ya nguo, si ya kuweka pasi ya mkaa na misumari.

Kuhusu mvua, ngoja niwatete mafundi kidogo. Mteja anakupigia mwezi wa 2, "droo uliyoniuzia mwezi wa 9 ilikuwa nzuri, sasa imekaza." Mbao halisi inavimba ikivuta unyevu, hasa kwenye upana wake, siyo urefu. Kwa hiyo ubavu wa droo unapanda juu na kusugua fremu. Mtu anaita fundi, fundi anapiga randa mpaka ipite. Mvua zikiisha, mwezi wa 6 mbao inarudi, droo inacheza kama jino bovu. Kama ni ya mbao kwa mbao, msimu wa mvua pitisha msasa kidogo tu sehemu inayong'aa kwa kusuguana, paka mshumaa, mwache avumilie. Chipubodi na MDF ni kinyume: zikilowa zinavimba na hazirudi. Ndiyo maana turubai siyo anasa. Na kwa wateja wa pwani, Mikindani, Msimbati huko, chumvi ya bahari inakula bati. Waambie wafute reli kwa kitambaa kikavu na kupaka tone la mafuta ya cherehani mara chache kwa mwaka.

Wauza mtumba, nyie mna sababu nyingine ya kutoa droo zote kabla hamjalipa hata senti. Nyuma ya droo ndipo mchwa anapoanzia na mende anapolala. Na ndipo vitu vya watu vinapopotelea. Droo ya juu ikijazwa sana, karatasi ya juu inakwama kwenye fremu, ukivuta inabaki, inadondoka nyuma mpaka chini kabisa. Mimi nimekuta picha za harusi, kadi ya kliniki ya mtoto, funguo, na hela.

Mwaka juzi nilinunua kabati la droo kwa mzee mmoja upande wa Tandahimba. Nikatoa droo ya chini, nikakuta stakabadhi za korosho, zile mkulima anazopewa chama cha msingi anapopima mzigo, zaidi ya kumi, zimejikunja kama majani makavu. Nikampigia. Kimya cha muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, hizo karatasi nimezitafuta msimu mzima." Kumbe kilo alizolipwa hazikulingana na kilo alizokuwa anakumbuka, na alikuwa hana cha kuonyesha. Mbaya zaidi, alikuwa hasemeshani na kijana wake mkubwa, akiamini ndiye aliyezichukua. Nilimpelekea mwenyewe. Kijana alikuwepo, alikuwa anapalilia. Mzee alimwita tu jina lake, akampa karatasi azisome, maana macho yake hayaoni vizuri. Mimi nikaaga.

Basi, toa droo zote, piga tochi nyuma, na ukikuta kitu cha mtu kirudishe siku hiyohiyo.

Kuna jambo moja la usalama na silifanyii utani. Kabati la droo likifunguliwa droo tatu kwa pamoja, uzito wote unahamia mbele. Mtoto akipanda juu ya droo ya chini kama ngazi, linamwangukia. Hii siyo hadithi ya kutisha watu. Mwezi wa 6 mwaka 2016 kampuni ya IKEA ilitangaza kuyarudisha makabati ya droo kama milioni 29 kwa Marekani peke yake, kwa sababu watoto walikufa kwa kuangukiwa nayo. Mwaka 2022 Marekani ikatunga sheria kabisa ya uimara wa makabati ya nguo. Kabati la mninga la fundi wetu ni zito kuliko hayo. Kwa hiyo ukishusha mzigo kwenye nyumba yenye watoto, funga kibati cha pembe nyuma ya kabati, juu, na skrubu yenye plagi ya plastiki ukutani. Nyumba ya udongo, tafuta nguzo ya mti ndani ya ukuta. Na wewe mwenyewe ukitoa droo anza na ya juu, ukirudisha anza na ya chini. Kabati tupu lenye droo moja ya juu iliyofunguka linaanguka kwa kusukumwa na mbuzi.

Mwisho, upande wa kuuza. Mteja wa mtandaoni haoni droo kwenye picha. Piga video ya sekunde ishirini: vuta droo kwa kidole kimoja mpaka mwisho, ifunge, onyesha reli kwa karibu. Usiweke muziki juu yake, sauti ya reli laini inauza yenyewe. Ukishauza, piga video ya pili ya kutoa na kurudisha droo ya kabati hilohilo, sio la mtu mwingine, mtumie kabla mzigo haujaondoka. Bei ya kufunga iandike tangu mwanzo, mbali na nauli, hata kama ni buku tano. Ukiinyamazia, mteja anaona ni haki yake na kijana wa kirikuu anaona si kazi yake, na droo zinabaki sebuleni.

Ujumbe ninaotuma mimi siku mzigo unatoka ni huu, ubadilishe upendavyo:

"Shikamoo mama. Kabati lako linatoka leo asubuhi. Droo nne zimetolewa ili zisiharibike njiani, zimefungwa peke yake. Naomba uzihesabu ziwe nne kabla kijana hajaondoka. Nyuma ya kila moja kuna namba ya penseli, 1 ni ya juu. Anzeni kurudisha na namba 4. Ikikataa msilazimishe, nipigie simu, tutaiangalia pamoja kwa video. Ukishazivuta zote ukaridhika, ndipo umalizie malipo."